Makato ya LUKU: Ile si faini ya kuchelewa

Umekuwa shambani, Kongwa au Chamwino, na miezi sita hujanunua umeme wa nyumba yako ya Nzuguni. Unarudi jioni, mita imeisha. Unatuma shilingi 10,000 kwa simu ukijua utapata uniti za kutosha. Ujumbe unarudi na uniti nane tu. Fedha iliyobaki iko kwenye mstari wa Kiingereza unaosema ni deni lililokusanywa.

Wasikilizaji wengi wakituelezea jambo hili husema wamepigwa faini na TANESCO kwa kuchelewa kununua. Sivyo. LUKU unalipa kwanza ndipo utumie, kwa hiyo hakuna bili ya kuchelewesha. Kinachokatwa ni kodi ya jengo, ambayo Serikali ilianza kuikusanya kupitia mita za umeme Agosti 2021. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila ghorofa. Bajeti ya 2023 ikaipandisha kuwa 1,500 na 7,500. Usiponunua umeme, kodi inakusubiri. Miezi sita ni 9,000, na ile 1,000 iliyobaki ndiyo iliyonunua umeme. Kwa mteja wa matumizi madogo, uniti moja ni shilingi 100, na ukijumlisha VAT na tozo za REA na EWURA inafika 122. Ndizo hizo uniti nane.

Kwa hiyo kabla ya kupanda daladala kwenda kugombana dirishani, chukua kiasi kilichokatwa ukigawe kwa 1,500. Kikigawanyika na miezi ikalingana na ile ambayo hukununua, ni kodi, na mhudumu wa TANESCO hana uwezo wa kukusamehe. Kisipogawanyika, au miezi ikizidi, dai maelezo. Huenda ni deni la zamani la umeme lililobaki kwenye mita, hasa kama nyumba umeinunua kwa mtu au umepanga.

Lakini hata kodi halali inaweza kukatwa kwa mtu asiyehusika. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na kipato amesamehewa kwa nyumba anayoishi, na vivyo hivyo mtu mwenye ulemavu asiye na kipato. Mita haijui umri wa mtu. Msamaha lazima uombwe. Mwenye mita mbili kwenye nyumba moja hapaswi kulipa mara mbili. Mpangaji naye analipa kodi ya mwenye nyumba. Wapangaji wa Nzuguni, ambako vyumba vimeongezeka tangu stendi kuu na soko la Job Ndugai vije huku, wakubaliane na baba mwenye nyumba ili kiasi hicho kipunguzwe kwenye pango.

Masuala ya kodi, anzia TRA, ukiwa na namba ya mita na barua ya serikali ya mtaa. Kama ugomvi ni wa umeme wenyewe, andika malalamiko TANESCO na ubaki na nakala yenye mhuri. Wasipokuridhisha, peleka EWURA, ambao makao yao makuu yako hapa hapa Dodoma. Kulalamika kwa mdomo dirishani hakuachi alama yoyote.

Makato haya yana historia. Zamani wateja wa kundi la T1 walikatwa 5,520 kila mwezi kama tozo ya huduma, nayo ilikuwa inajilimbikiza vilevile. EWURA iliifuta kuanzia tarehe 1 Aprili 2016.

Binafsi naona kodi yenyewe si kubwa. Kinachowaudhi watu ni ule ujumbe. Ungeandikwa kwa Kiswahili, "kodi ya jengo, miezi sita", nusu ya ugomvi huu usingekuwepo. Kwa sasa, usifute meseji za LUKU. Ukifika ofisini watakuuliza ulinunua lini mara ya mwisho.