Paka hali baada ya kufungwa kizazi? Dawa ya mtoto si jibu

Ujumbe uliingia saa nne usiku kutoka kwa mama mmoja anayefuatilia safu hii. Paka wao jike alikuwa amefungwa kizazi asubuhi ya siku iliyotangulia, na tangu arudi nyumbani hakuwa amegusa chakula. Alikuwa amejikunja chini ya kabati, na mtoto wa miaka tisa alikuwa analia hataki kwenda kulala. Swali la mama lilikuwa fupi: "Daktari, ile dawa ya maji ya homa ya mtoto naweza kumpa kijiko kimoja apunguze maumivu?"

Nilimjibu asimpe hata tone.

Mimi si daktari wa mifugo, na safu hii kwa kawaida ni ya afya ya watu. Lakini dawa ambayo nusura imuue paka yule ipo karibu katika kila nyumba yenye mtoto mdogo, na aliyetaka kuitoa ni mzazi mwenye huruma. Ndiyo maana leo naomba tumzungumzie paka.

Parasetamoli, ambayo wengi tunaiita Panadol hata kama si ya kampuni hiyo, mwili wa binadamu huivunja kwenye ini na kuitoa bila shida ukitumia kipimo sahihi. Ini la paka halina uwezo huo. Dawa hugeuka sumu na kuharibu chembe nyekundu za damu, zikashindwa kubeba oksijeni. Fizi hugeuka rangi ya kahawia au bluu, uso na miguu huvimba, na mnyama huhema kwa taabu. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinaweza kumuua paka mzima, na usidhani ukikata robo umekuwa mwangalifu. Diclofenac na ibuprofen nazo ni hatari kwa figo na tumbo lake. Kama umeshampa, au mtoto amempa, usikae kusubiri dalili. Mkimbize kwa daktari wa mifugo na umwambie ukweli umempa nini na saa ngapi, kwa sababu tiba ya sumu hiyo ipo na husaidia zaidi ikiwahi.

Sasa turudi kwenye sahani iliyojaa.

Paka aliyetoka kwenye upasuaji ana sababu za kutokula. Alinyimwa chakula kabla ya kupewa nusu kaputi, dawa yenyewe huacha kichefuchefu, na amebebwa kwenye boksi hadi mahali panaponuka mbwa na dawa. Juu ya yote hayo ana maumivu. Dume hupona haraka kwa kuwa tumbo lake halifunguliwi. Jike amefunguliwa tumbo, na hilo si jambo dogo hata kama kidonda kina urefu wa kidole gumba. Kwa hiyo usiku wa kwanza akila kidogo, au akinusa tu na kuondoka, usiogope.

Ninachopinga ni ule ushauri wa majirani wa "mwache, atakula mwenyewe". Tumezoea kumsifu mtu mgumu kufa kwamba ana roho ya paka, tukaamini paka anaweza kukaa siku nne bila chakula. Hawezi. Akiacha kula, mwili huanza kupeleka mafuta kwenye ini kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyashughulikia, nalo likajaa na kushindwa kazi. Paka mnene ndiye aliye hatarini zaidi. Kwa maoni yangu, zikitimia saa 24 tangu arudi nyumbani bila kula chochote, piga simu. Kwa paka mtoto usifike huko, maana sukari yake ya mwilini hushuka upesi.

Ndani ya saa hizo kuna mengi ya kufanya. Paka hula kwa pua kwanza. Chakula kilichotoka kwenye friji hakina harufu, hivyo kipashe kiwe vuguvugu kama joto la mwili, si cha kuunguza. Anza na kile alichozoea. Akikikataa, jaribu samaki au kuku aliyechemshwa bila chumvi, ukiwa umetoa mifupa yote, kiasi cha kijiko kimoja tu. Asipogusa baada ya nusu saa, kiondoe umletee kingine baadaye. Kwa joto letu kile kitachacha, na sahani iliyokaa mbele yake siku nzima humzidishia kinyaa. Usimpe mabaki ya mchuzi, kwa sababu kitunguu maji na kitunguu saumu humharibia damu. Maziwa ya ng'ombe nayo huwaharisha paka wengi wakubwa, hata kama kwenye vitabu vya watoto wanachorwa wakiyanywa.

Kama amevalishwa kola ya plastiki shingoni ili asilambe mshono, angalia kama mdomo unafika kwenye chakula. Bakuli refu hugonga kola, na paka mwenye njaa hukata tamaa. Tumia kisosi. Mweke chumba kimya, mbali na mbwa na mbali na televisheni. Mtoto akitaka kusaidia, akae sakafuni karibu naye bila kumbeba. Wala msimsukumie chakula mdomoni kwa bomba la sindano bila kuelekezwa na daktari. Kikiingia kwenye mapafu mtakuwa na ugonjwa mwingine.

Usisubiri hizo saa 24 ukiona fizi nyeupe, tumbo linavimba, anatapika mara kwa mara, mshono unatoa damu au usaha, au anachuchumaa kukojoa na mkojo hautoki.

Lakini lawama zote siwezi kumpa mama yule. Alikabidhiwa paka, akalipa, akaambiwa "mpe pole". Hakupewa dawa ya maumivu wala karatasi ya maelekezo, na namba ya kupiga usiku hakuwa nayo. Mtoto wako akitoka kutahiriwa hukubali kuondoka bila dawa ya maumivu. Basi uliza vivyo hivyo kwa paka, tena kabla hujamwacha pale asubuhi: atapewa dawa gani ya maumivu, itamtosha kwa saa ngapi, na asipokula nimpigie nani? Mtoa huduma anayekasirishwa na maswali hayo, mimi nisingemwachia paka wangu.

Yule wa mama alipelekwa alfajiri kwa daktari mwingine. Alichomwa sindano ya kichefuchefu na nyingine ya maumivu, iliyopimwa kwa uzito wake wa kilo tatu. Jioni alitoka chini ya kabati akala samaki kiasi cha vijiko viwili, mtoto akiwa amekaa sakafuni pembeni yake. Ujumbe wa mwisho niliopata, wiki mbili baadaye, ulikuwa wa malalamiko: sasa anakula mno. Nikamwambia apunguze chakula, kwani aliyefungwa kizazi hunenepa upesi.