Mtoto aliyekabidhiwa ni amana: nani anauliza hali yake?

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ambaye yeye mwenyewe alilelewa bila baba, na kisha bila mama.



Wengi wetu tunaukumbuka mwezi wa Mei 2014, pale nchi nzima ilipotikiswa na habari kutoka mjini Morogoro. Mtoto wa kike wa miaka minne alikutwa katika chumba cha nyumba aliyokuwa akilelewa, akiwa ameishi ndani ya boksi kwa muda wa miaka, si siku wala miezi. Mama yake alikuwa amefariki yeye akiwa bado mchanga, akachukuliwa na mama yake mkubwa. Taarifa zilipoufikia uongozi wa mtaa, mtoto alitolewa, akapelekwa hospitali ya mkoa, kisha Muhimbili. Mwili wake ulikuwa umedhoofu mno kwa utapiamlo na maradhi. Mwanzoni mwa Juni mwaka huohuo alifariki dunia. Watu wazima watatu, akiwemo baba yake, walifikishwa mahakamani.

Magazeti yalimwita "mtoto wa boksi", na mpaka leo wengi humkumbuka kwa lakabu hiyo. Lakini alikuwa na jina. Aliitwa Nasra, jina lenye mzizi mmoja na neno nusura. Sisi tutamwita hivyo.

Katika makala hii hatukusudii kuzungumzia hatia ya mtu yeyote. Hiyo ni kazi ya mahakama, na juu ya mahakama yupo Hakimu asiyefichikiwa na jambo. Tunachotaka kukitazama ni sisi: tulisema nini tulipoisikia habari ile, na tunasema nini kila inapotokea nyingine ya namna yake.

Tukiyakusanya maneno yetu, tutaona yanakwenda katika njia tatu. Wapo waliolaani na kutamani wahusika wapewe adhabu kali kuliko zote. Wapo waliotikisa vichwa na kusema hizi ni alama za Kiyama, kisha wakaendelea na shughuli zao. Na wapo waliouliza swali moja: majirani walikuwa wapi? Hasira ya kundi la kwanza ina asili yake katika imani, kwani moyo usiochukia dhulma ni moyo mgonjwa. Lakini swali la kundi la tatu ndilo lenye faida kwetu, kwa sharti kwamba tulielekeze kwenye nyumba zilizo jirani na zetu, tusiliache likae Morogoro.

Sote tunaijua Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim juu ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia ndani, hakumlisha wala hakumwacha atoke akajitafutie riziki yake. Tunaisimulia madrasa kwa watoto wadogo ili wawaonee huruma wanyama. Tukiitafakari kama watu wazima, tutaona kosa lililotajwa ni la kufungia na kunyima. Mwanamke yule hakuelezwa kuwa alimpiga paka wala kumchinja. Kutelekeza peke yake kulitosha kuwa dhulma mbele ya Allah. Basi hali itakuwaje kwa mwanadamu, tena mtoto, tena wa damu moja?

Sasa tuliangalie jambo ambalo halikuzungumzwa sana. Nasra alilelewa na mama mkubwa, na dini yetu imempa mama mkubwa na mama mdogo heshima kubwa sana katika malezi. Bukhari amepokea kisa cha binti wa Hamza (R.A.), ambaye baba yake aliuawa shahidi Uhud. Siku Waislamu walipokuwa wakiondoka Makka baada ya Umra ya kulipa, binti yule aliwafuata akiita. Masahaba watatu walimgombea: Ali, Zayd na Jaafar (R.A.), kila mmoja akitaja haki yake ya kumlea. Mtume (S.A.W.) aliamua aende kwa Jaafar, kwa kuwa mke wa Jaafar alikuwa ndugu wa mama yake binti huyo, na akabainisha kuwa ndugu wa kike wa mama ana daraja ya mama.

Kisa hiki tumezoea kukitoa kama dalili ya hukumu ya hadhana, yaani haki ya kumlea mtoto mdogo. Ni sahihi. Lakini tutazame pia kilichotangulia hukumu. Watu watatu wazima walisimama hadharani wakishindana kumchukua mtoto asiye na baba, na kiongozi wa umma akaliamua jambo hilo mbele ya watu. Kila mmoja alijua mtoto amekwenda nyumba ya nani na kwa sababu gani. Kwetu mara nyingi hali huwa kinyume. Baada ya maziko, jamaa hukaa ukumbini wakazungumza kwa sauti ya chini, mmoja akasema "basi mimi nitamchukua huyu mdogo", na wote wakashusha pumzi. Tangu siku hiyo jambo limekwisha. Atakayeuliza baadaye huonekana hana imani na ndugu yake.

Mafakihi hawakuiona hadhana kuwa ni haki isiyo na masharti. Waliweka sharti la akili timamu, uaminifu na uwezo wa kumhifadhi mtoto, na wakasema anayeshindwa masharti hayo haki hiyo humtoka na kwenda kwa mwingine. Sharti haliwezi kujulikana kama lipo au limeondoka ikiwa hakuna anayetazama. Kumkabidhi mtoto kwa khala yake ni Sunna, na kufuatilia hali yake baada ya kumkabidhi ni katika kuilinda Sunna hiyo.

Lipo na jambo la pili. Kwa istilahi ya sharia, yatima ni mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe. Nasra alifiwa na mama. Baba yake alikuwa hai. Maana yake ni kwamba katika orodha nyingi za mayatima zinazoandaliwa misikitini wakati wa Ramadhani na Iddi, mtoto wa aina yake hangeandikwa. Si yatima, basi hahesabiwi. Wala hayuko mikononi mwa baba, basi kila mtu anadhani anatazamwa na mwenzake. Watoto walio katika hali hii ni wengi katika vijiji vyetu: waliofiwa na mama, walioachwa baada ya talaka, walioletwa kwa bibi kutoka mjini, na wale wenye ulemavu ambao jamaa huona haya kuwatoa nje.

Tuseme wazi kwa kina baba: malezi yakihamia kwa shangazi, khala au bibi, nafaka haihami. Chakula, mavazi na matibabu ya mtoto hubaki juu ya baba yake madhali yu hai na anaweza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo imemwekea baba wajibu huo. Na nafaka haitimii kwa kutuma fedha tu. Mtoto ana haki ya kuonwa na mzazi wake kwa macho.

Huenda msomaji akasema: je, Allah hakukataza kupelelezana katika Suratul Hujurat? Je, hatukuamrishwa kusitiri aibu za wenzetu? Naam, yote mawili ni kweli, na kwa sababu hiyo tunapaswa kuyaelewa vyema. Kupeleleza ni kutafuta kosa lililofichika ili umfedheheshe mtu. Kumuuliza jirani, "Mtoto wa marehemu hajambo? Mbona siku hizi hatumwoni madrasa?", ni kutimiza haki ya ujirani. Na sitara imewekwa kwa kosa ambalo mtu amejikosea mwenyewe baina yake na Mola wake. Dhulma dhidi ya asiyeweza kujitetea haimo humo. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kumnusuru ndugu yetu akiwa mdhalimu au mdhulumiwa, na akaeleza kuwa kumnusuru mdhalimu ni kuuzuia mkono wake. Anayenyamaza kwa kuogopa kuitwa mbea hakumsitiri jirani yake, amemwacha azame.

Wala tusidhani kuwa msiba huu unatokana na umaskini wa nchi au uchache wa ofisi. Mwaka 2000 alifariki mjini London mtoto wa miaka minane aitwaye Victoria Climbié. Wazazi wake walikuwa Kodivaa, nao walimkabidhi kwa jamaa wa kike aliyeahidi kumsomesha Ulaya. Aliteswa na kulazwa bafuni katika baridi. Serikali ya Uingereza iliunda tume chini ya Lord Laming, na ripoti yake ya mwaka 2003 ilionesha kuwa zilikuwepo nafasi zisizopungua 12 ambazo maofisa, hospitali na polisi wangeweza kumwokoa. Hata viongozi wa ibada waliletewa mtoto huyo, na wapo waliodhani anasumbuliwa na mapepo. Hili la mwisho litushtue sisi tunaoletewa watoto tuwasomee. Mtoto akija amekonda, ana makovu, haongei na anamwogopa aliyemleta, kabla ya kumsomea ruqya tuulize amekula nini na analala wapi.

Nchini kwetu sheria haikukaa kimya. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inamwekea kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji anapojua kuwa haki za mtoto zinavunjwa, au kwamba mlezi mwenye uwezo anamnyima mtoto chakula, malazi, mavazi, matibabu au elimu. Tuzingatie kuwa wajibu huo haukuwekwa juu ya jamaa peke yao. Umewekwa juu ya kila mmoja wetu.

Huku Bungu nyumba zetu zimetawanyika katika miteremko ya Usambara, zimezibwa na migomba, na kutoka nyumba moja hadi nyingine huenda ikawa mwendo wa kushuka bonde na kupanda tena. Mtoto anaweza kupotea machoni pa watu bila hata kufungiwa. Pia watoto wetu wengi huteremka kwenda Korogwe, Tanga na Dar es Salaam kuishi kwa jamaa, tukiambiwa wanakwenda kusoma. Basi tunapendekeza mambo manne, ambayo kamati yoyote ya msikiti inaweza kuyatekeleza bila kuomba mchango wa mtu.

Kwanza, daftari la maziko. Kamati nyingi huandika jina la marehemu na tarehe. Liongezwe swali moja: je, ameacha watoto wadogo, na watalelewa na nani? Iwe amefariki baba au mama, waandikwe.

Pili, wateuliwe watu wawili, mmoja awe mwanamke mwenye heshima katika kijiji, waitembelee nyumba hiyo baada ya miezi mitatu, kisha kabla ya Ramadhani kila mwaka. Waende na salamu na chochote kidogo mkononi. Wamwone mtoto mwenyewe, wasitosheke na kuambiwa amelala. Mlezi mwema atafurahi kukumbukwa, kwani walezi wengi ni wema na wamechoka. Huenda dhiki ikaanza kwa uchovu wa mtu aliyebebeshwa mzigo peke yake, na wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana.

Tatu, maustadhi na walimu wa shule wafuatilie mtoto anayetoweka. Siku tatu bila habari zinatosha kumtuma mtu nyumbani kwao.

Nne, likionekana jambo la kutisha, tusilimalize kwa kikao cha jamaa peke yake. Apewe taarifa mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji, kisha afisa ustawi wa jamii, au dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi. Ipo pia namba 116, ambayo hupigwa bila malipo kwa ajili ya watoto. Na kwa anayemtuma mtoto mjini, azungumze naye kwa simu mara kwa mara, na siku moja afunge safari bila kutoa taarifa.

Ndugu wasomaji, katika Suratul Maa'un Allah (S.W.) amemtaja anayemsukuma yatima, na haikupita aya nyingi akawataja wanaosali huku wameghafilika na Sala zao. Wanazuoni wanatufundisha tusiyatenganishe mambo haya mawili. Safu zetu msikitini zinaweza kuwa zimenyooka na bado akawepo mtoto, mita mia moja kutoka mihrabu, ambaye hakuna aliyeuliza leo kama amekula.

Aliyetoa taarifa kule Morogoro alifanya jambo dogo: alisema alichokijua kwa mtu anayehusika. Lau taarifa ya namna hiyo ingekuja mwaka mmoja kabla, pengine leo tungekuwa tunazungumzia binti aliye hai. Umri umo mikononi mwa Allah, lakini kuuliza kumo mikononi mwetu.

Tumwombe Allah (S.W.) amjaalie Nasra kuwa miongoni mwa watoto wa Peponi, awasamehe walezi waliochoka, awaongoze waliodhulumu, na atupe sisi ujasiri wa kubisha hodi mapema.

Wabillahi tawfiq.