JE, DADU NI KAMARI?

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu juu ya jambo lililozungumzwa sana mabwenini muhula huu. Jumamosi moja jioni mwalimu wa zamu alichukua dadu mbili kutoka bwenini kwetu, na mpaka leo ziko katika saraka ya meza yake. Dadu hizo ni zetu sisi wanafunzi watano wa Kidato cha Nne, na zilikuwa sehemu ya mchezo tulioutengeneza kwa mikono yetu. Mwalimu alisema kwamba penye dadu pana kamari, na kamari imekatazwa shuleni. Siandiki ili kumlaumu. Nitaonyesha hapa chini kwamba alikuwa na sababu. Lakini naamini kwamba mchezo wetu si kamari, na kwamba kuutengeneza bila fedha kumetufundisha mambo ambayo shule yenyewe ingependa tuyajue.

Kwanza niueleze mchezo wenyewe, maana wazazi wengi na walimu wengine hawajauona. Wachezaji wanne au watano huingia pamoja mahali penye giza, chumba baada ya chumba, bila kujua mbele kuna nini. Kila chumba kimechorwa juu ya kadi iliyofunikwa. Ukifunua kadi, huenda ukakuta njia nyeupe, au maji, au mnyama mkali. Hapo dadu hutupwa, na jumla yake huonyesha kama mmepita au mmeumia. Michezo ya namna hii ilianza kupata sifa huko Marekani. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons, na mwaka 1975 ukatoka mchezo wa ubao uitwao Dungeon! Mwaka 1989 ukafuata HeroQuest, wenye sanamu ndogo za plastiki. Kaka yangu alinionyesha picha zake katika simu wakati wa likizo. Niliona mara moja kwamba maboksi kama yale si ya mwanafunzi anayepewa fedha za sabuni na dawa ya meno.

Lakini nilijiuliza: mchezo ni sanamu za plastiki, au ni kitu kingine? Wazee wetu hucheza bao. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na mtu asiye na ubao huchimba mashimo hayo ardhini akaokota kokoto. Drafti huchezwa kila kijiwe kwa vizibo vya soda, huyu akiviweka chali na yule akivifunika. Hakuna aliyewahi kusema kwamba drafti ya vizibo si drafti. Basi mchezo ni sheria zake. Vifaa ni nguo tu.

Neno hilo nilikuwa nikilisema kwa mdomo, lakini mwanzoni sikulifuata. Nilinunua karatasi mbili za manila na kalamu za rangi, nikachora pango zuri kwa siku tatu, pamoja na nyoka mwenye magamba ya kijani na njano. Tulipokaa kucheza, tulikufa sote kabla ya dakika kumi. Tukarudia, tukafa tena. Sheria zilikuwa mbovu, na picha haikuweza kutuponya. Wala sikuweza kubadili kitu, kwa sababu kila chumba kilikuwa kimekwisha pakwa rangi. Fedha yangu ilikwenda bure, na wenzangu walinicheka kwa haki.

Tangu siku hiyo tuliweka kanuni: hakuna kupaka rangi mpaka mchezo uchezwe mara kumi. Tulikata vipande 24 vya karatasi kutoka madaftari yaliyokwisha, tukaandika kwa penseli tu, “maji”, “popo”, “njia panda”. Chumba kisichofaa kilifutwa kwa ufutio papo hapo. Wanafunzi wa madarasa ya chini wanaotaka kutengeneza mchezo wowote nawausia jambo hili kabla ya mengine yote. Anzeni na penseli. Mtu hawezi kufuta kwa urahisi kitu alichokwisha kukipenda.

Pango letu tuliliwaza kama mapango ya Amboni karibu na Tanga, yale ya mawe ya chokaa, kwa sababu mmoja wetu ametoka huko na amekwisha kuingia ndani. Yeye ndiye aliyetuambia jinsi popo wanavyoruka na jinsi mahali pengine mtu hulazimika kuinama. Tulipotaka kuweka jitu la kutisha katika chumba cha mwisho, alikataa. Alisema kwamba katika mapango yale mna mahali ambapo watu huenda kutambika, na si adabu kupafanya makazi ya jitu ili sisi tucheke. Tulibishana kidogo, kisha tukakubali. Jitu likaondoka, na mahali pake tukaweka maji yanayojaa. Nasema kweli, maji yalitutia hofu zaidi kuliko jitu, maana sote tumewahi kuona mto ukifurika, lakini hakuna aliyewahi kuona jitu.

Sasa niwape hesabu ya vifaa. Kadi za mwisho tulizikata kwa wembe na rula kutoka maboksi matupu tuliyopewa na mwenye duka. Gundi tuliipika kwa unga wa ngano na maji. Kete zetu ni vizibo vya soda, na ndani ya kila kizibo tumebandika herufi ya mchezaji. Mafuta ya kandili ni maharage 40; kila zamu harage moja huondolewa, na yakiisha yote kandili huzimika na sote tumepotea. Tulichonunua ni dadu mbili kwa shilingi 1,000 na kalamu moja ya wino mzito kwa shilingi 1,000. Jumla ni shilingi 2,000, nasi tu watu watano. Kila mmoja alitoa shilingi 400. Zile fedha za manila sikuzihesabu, kwa sababu zile ni ada ya ujinga wangu.

Na kwa kuwa hatukuwa na fedha, kila kitu kilipoingia katika mchezo tulikiuliza: wewe una kazi gani? Tulikuwa na kadi za panga, mkuki, ngao, kofia na viatu. Kukata kadi zote hizo kulichosha vidole, kwa hiyo tuliangalia ni zipi zinazobadili uamuzi wa mchezaji. Zikabaki mbili tu, kamba na mkuki. Tena mtu akibeba moja hawezi kubeba nyingine. Hapo ndipo wachezaji walipoanza kushauriana kwa dhati. Mwenye fedha angenunua boksi jingine akaziweka zote.

Hesabu nayo ilitusaidia sana. Chatu wa kwanza alihitaji jumla ya 11 au zaidi katika dadu mbili, nasi tulishangaa kwa nini hapigiki. Tulikaa na daftari tukaandika namna zote ambazo dadu mbili huweza kuanguka. Namna hizo ni 36. Jumla ya 7 huja kwa namna 6, lakini 12 huja kwa namna moja tu. Jumla ya 11 au zaidi huja kwa namna 3 kati ya 36, yaani mara moja katika kumi na mbili. Tulipompunguza chatu akahitaji 9 au zaidi, namna zikawa 10. Sasa alikuwa mkali, lakini mtu mwenye akili aliweza kumjaribu au kumkwepa kwa kuzunguka. Mada hii imo katika kitabu chetu cha hisabati, nami niliisoma bila kuielewa. Niliielewa juu ya kitanda, nikiwa na chatu mbele yangu.

Palikuwa na kosa jingine ambalo hesabu haikulionyesha. Katika mchezo wa kwanza, aliyeumia alitoka. Mwenzetu mmoja aliumwa na nge katika chumba cha pili, akakaa ukingoni mwa kitanda zaidi ya saa nzima akitutazama tukicheza. Baadaye alichukua taulo akaenda kuoga, wala Jumamosi iliyofuata hakuja. Nilifikiri amekasirika bila sababu, mpaka zamu hiyo iliponifikia mimi. Basi tulibadili sheria: aliyeumia hapigani tena, lakini ndiye anayeshika kandili, na ndiye anayechagua kadi ipi ifunuliwe. Kazi yake ikawa kubwa kuliko ya wazima. Yule mwenzetu alirudi.

Sasa nafika kwenye kamari, na hapa sitaficha kitu. Mwanzoni lengo la mchezo lilikuwa hazina, na mtu mmoja ndiye aliyeipata. Wadogo zetu wa Kidato cha Pili waliuazima mchezo huo, na usiku mmoja wakaanza kuwekeana sukari. Kijana mmoja alipoteza sukari aliyopewa nyumbani kwa muhula mzima, akawa anakunywa uji mkavu asubuhi huku wengine wakikoroga sukari yake mbele ya macho yake. Habari hizo zilifika kwa mwalimu wa zamu. Kwa hiyo alipoona dadu kitandani kwetu, alifanya kama mzazi yeyote angefanya. Kosa lilikuwa letu sisi wakubwa, kwa kuwa tulitoa mchezo bila kufikiri utafanya nini mikononi mwa wengine. Tuliwasimamia, na sukari ikarudishwa, ingawa si yote.

Lakini tuangalie kosa lilikaa wapi. Halikukaa ndani ya dadu. Ludo ina dadu, nayo huchezwa majumbani na watoto wadogo mbele ya wazazi wao. Sukari ile ingeweza kuwekwa juu ya drafti, au juu ya mpira wa miguu, au juu ya nani atakuwa wa kwanza katika mtihani. Kamari ni kuweka mali ili uchukue ya mwenzako. Mchezo wetu wa kwanza ulimkaribisha mtu kufanya hivyo, kwa sababu ulikuwa na mshindi mmoja na hazina moja.

Tuliubadili mchezo wote. Hazina tuliiondoa. Sasa ndani ya pango mna wasafiri wawili waliopotea, nasi tunaingia kuwatafuta na kuwatoa kabla maharage hayajaisha. Wachezaji wote wako upande mmoja, na pango liko upande wa pili. Tukiwatoa, tumeshinda sote. Kandili ikizimika, tumeshindwa sote. Mtu akitaka kuweka sukari, ataiweka dhidi ya nani? Pango halina sukari. Nasikitika kwamba dadu zilichukuliwa juma lile lile tulipomaliza sheria hizo mpya, kabla mwalimu hajaziona.

Watasema wengine kwamba Kidato cha Nne wana mtihani wa taifa, na saa za kucheza hazipo. Ni kweli kwamba mchezo unaokula saa za masomo ya jioni ni adui, na anayeuleta darasani aadhibiwe. Mimi nazungumza juu ya Jumamosi jioni, saa ambazo wengi wetu tumelala chali tukihesabu mabati. Tena watasema kwamba mchezo ni wa watoto. Nami nawauliza, je, kupanga kazi, kukosea, kufuta, kumsikiliza mwenzako anayejua zaidi, na kumwonea huruma aliyeachwa nje, hayo ni ya watoto?

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu. Kwanza, walimu wakubali mchezo uchezwe bwaloni Jumamosi jioni, mbele ya kiranja, wala usichezwe bwenini baada ya taa kuzimwa. Pili, atakayeweka kitu chochote, hata punje ya sukari, asimamishwe kucheza muhula mzima, na mchezo wake ukabidhiwe kwa mwalimu. Tatu, mwalimu wa zamu mwenyewe aje acheze nasi mara moja kabla ya kuamua. Tutampa kandili ashike.

Na kwa wazazi ninayo haya machache. Mtoto akiomba maboksi matupu na harage kidogo, msimfukuze jikoni. Huenda anatengeneza kitu.

Sisi watano tutamaliza shule mwaka huu. Kadi 24, vizibo na maharage tumevifunga katika mfuko wa nguo, pamoja na karatasi moja ya sheria, tukavikabidhi kwa yule kijana wa Kidato cha Pili aliyepoteza sukari yake. Tulimchagua yeye kwa sababu anajua kuliko sote mchezo unaweza kuharibika vipi. Kilichobaki ni dadu mbili zilizo katika saraka. Iwapo walimu wataona maneno yangu yana haki, namwomba mwalimu wetu mpendwa asiturudishie sisi. Ampe yeye.

Ni mimi,
Mwanafunzi wa Kidato cha Nne