Moto Mdogo, Chakula Kilekile



Kila nyumba ina gharama zinazoonekana na gharama zisizoonekana. Ada ya shule inaonekana, kwa sababu inadaiwa mara moja na barua yake huja mkononi mwa mtoto. Kodi ya nyumba inaonekana pia. Lakini mkaa hununuliwa kopo kwa kopo, leo asubuhi, kesho jioni, na mara nyingi ni mtoto anayetumwa na chenji iliyobaki mezani. Mwezi ukiisha fedha nayo imekwisha, wala hakuna anayeweza kueleza ilikokwenda. Bandu bandu humaliza gogo, na gogo lenyewe ni mshahara wa baba pamoja na faida ya genge la mama.

Mwezi huu tunazungumza juu ya kupika kwa moto mdogo. Hatusemi watoto wale kidogo, wala hatusemi mama anunue vyombo vya bei kubwa. Tunataka chakula kilekile, kwa mkaa pungufu na moshi pungufu.

Tufanye hesabu kwanza

Chukua daftari la zamani lenye kurasa zilizobaki. Kwa siku saba andika kila kopo la mkaa lililonunuliwa na bei yake. Usimlaumu mtu, andika tu. Siku ya nane jumlisha.

Tutoe mfano. Mama anayetumia mkaa wa shilingi 1,500 kwa siku hutumia shilingi 45,000 kwa siku 30. Akipunguza theluthi moja tu, anabakiwa na shilingi 15,000 kila mwezi, yaani shilingi 180,000 kwa mwaka. Weka bei ya mtaa wenu, uone wewe mwenyewe. Fedha hiyo ingeweza kuwa viatu vya shule, madaftari, au akiba ya siku mtoto anapoamka na homa usiku.

Ipo hesabu nyingine, ambayo muuza mkaa hatuandikii. Katika matanuri ya kienyeji, yanayofukiwa kwa udongo, kilo 1 ya mkaa huweza kula kilo 6 hadi 10 za kuni. Kwa hiyo kopo lililo jikoni kwetu ni tawi zima la mti huko lilikotoka. Miti ikiisha, chemchemi hukauka, na wenzetu wa vijijini hutembea mbali zaidi na ndoo kichwani.

Ya tatu ni hesabu ya kifua. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani, unaotokana na kuni, mkaa na nishati nyingine chafu, ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani. Zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Tukumbuke nani hukaa jikoni: ni mama, na mtoto aliye mgongoni.

Kabla ya kuwasha

Akiba kubwa hupatikana kabla kiberiti hakijawashwa.

Maharage, kunde, choroko na mahindi ya makande yalowekwe tangu usiku. Maji yafanye kazi ya bure wakati nyumba nzima imelala. Asubuhi yamwage, suuza, uweke maji mapya. Maharage yaliyolowekwa huiva mapema kuliko makavu.

Menya na kukata kila kitu kwanza. Si vizuri jiko liwe jekundu huku mama bado anamenya vitunguu, au mtoto ametumwa nyanya na amekutana na wenzake njiani. Kata viazi, ndizi na nyama vipande vidogo, kwa maana kipande kidogo huiva upesi.

Kisha angalia sufuria. Ilingane na jiko. Sufuria ndogo juu ya jiko kubwa huacha moto upite pembeni, ukapashe paa.

Jiko lenyewe

Wengi wetu tunalijua jiko lenye kiuno chembamba, bati nje na udongo uliochomwa ndani. Lilianza kuenezwa nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya mafundi kujifunza kutokana na majiko ya Thailand na kuyarekebisha yafae upishi wetu. Ule udongo huzuia joto lisitoroke kwa pembeni. Jiko la bati tupu hukuunguza mguu ukilipita, na joto linalokuunguza ni mkaa uliolipia.

Ukienda kununua, tazama kama udongo umeshikana na bati pande zote na kama kijimlango cha hewa kinafunga. Kama jiko la nyumbani limepata ufa, lizibwe mapema. Liweke mahali pasipo upepo mkali, ila penye hewa ya kutosha. Zoa majivu kila siku ili hewa ipite chini.

Moto ukishawaka

Funika sufuria. Jambo hili ni dogo hata twaona aibu kuliandika, lakini tazama majiko kumi mtaani uhesabu mifuniko. Kama mfuniko umepotea, sahani ya bati yafaa.

Chungu kikianza kutokota, funga kijimlango cha jiko. Maji yanayochemka hayaongezeki joto hata ukitia mkaa debe zima. Pwani huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi, na kwenye miinuko kama Nairobi na Mbeya huchemka kwa yapata nyuzi 94 au 95. Moto mkubwa zaidi huyageuza maji kuwa mvuke tu. Mchuzi hukauka, lakini nyama haiivi upesi zaidi.

Panga pia zamu za sufuria. Kinachohitaji moto mkali kianze, kama ugali au kukaanga. Makaa yakilegea, bandika mboga ya majani. Yakikaribia kuzimika, bandika maji ya kuoga watoto.

Kikapu kinachopika

Sasa tufike kwenye jambo ambalo tungependa kila msomaji alijaribu mwezi huu. Kenya wengi huliita jiko kapu. Ni kikapu kisicho na moto. Nchi za Ulaya nazo zililitumia zamani kwa sanduku lililojazwa nyasi kavu, hasa wakati wa vita, nishati ilipokuwa adimu.

Siri yake ni hii: chakula kikishachemka barabara, hakihitaji moto mwingine, kinahitaji joto lisitoke. Mama wa pwani anayepalia wali anajua kwamba chakula humalizia kuiva polepole kikitulizwa. Kikapu hufanya vivyo hivyo, bila kaa hata moja.

Mahitaji: kikapu kikubwa cha ukindu au boksi gumu, blanketi kuukuu, na mito miwili iliyoshonwa kwa kanga zilizochakaa. Mito ijazwe sufi, vipande vya nguo au majani makavu ya migomba. Vyote viwe vikavu kabisa.

Namna ya kutengeneza: tandika mto mmoja chini. Zungushia blanketi kwa ndani, unene usiopungua upana wa kiganja, uache shimo katikati la kutosha sufuria. Mto wa pili utakuwa wa kufunika juu. Sufuria iwe na mfuniko unaobana na isiwe na mkono mrefu. Ijae walau theluthi mbili, kwa sababu chakula kidogo ndani ya sufuria kubwa hupoa upesi.

Namna ya kutumia: chemsha chakula kikiwa kimefunikwa, kwa muda ulioandikwa hapa chini. Epua kikiwa bado kinatokota, futa masizi haraka, weka kikapuni, funika kwa mto, kisha usifunue. Kila anayechungulia hufukuza joto.

Wali: uchemke dakika 5, kikapuni saa 1. Punguza maji kidogo kuliko kawaida.

Viazi na ndizi: zichemke dakika 5 hadi 10, kikapuni saa 1 hadi 2.

Nyama ya mchuzi, vipande vidogo: ichemke dakika 30, kikapuni saa 3.

Maharage yaliyolowekwa: yachemke kwa nguvu dakika 30, kikapuni saa 3 hadi 4.

Makande yaliyolowekwa: yachemke dakika 45, kikapuni saa 4 hadi 5.

Muda huu ni wa kuanzia. Maharage mapya hayalingani na yaliyokaa ghalani mwaka mzima, wala nyama ya ng'ombe mzee haifanani na ya ndama. Ikiwa bado ni magumu, rudisha motoni yachemke tena, kisha yarudi kikapuni. Andika kwenye daftari lako muda uliokufaa.

Tunaomba jambo moja lisipuuzwe. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoondoka kwa kuchemka kwa nguvu tu. Maharage yaliyopashwa bila kuchemka huweza kuleta kutapika na kuhara. Kwa hiyo zile dakika 30 za motoni zisipunguzwe ati kwa kuokoa mkaa. Tena chakula kikitoka kikapuni kiwe cha moto, mvuke ukitoka. Kikiwa vuguvugu, kichemshe tena kabla ya kupakua. Usikilaze kikapuni usiku kucha.

Faida nyingine ni muda. Mama huacha maharage kikapuni saa tatu asubuhi, akaenda shambani, gengeni au kwenye mkutano wa akina mama, akarudi saa saba akayakuta yameiva. Hayaungui, na hakuna mtoto aliyeachwa peke yake na moto.

Makaa yaliyobaki na chenga

Chakula kikiisha, makaa yasiachwe yajimalize. Yatie kwa koleo ndani ya debe la bati lenye mfuniko unaobana. Yakikosa hewa huzimika, na kesho huwaka upesi. Usiyamwagie maji, maana yatatoa moshi mwingi siku ya pili. Debe likae nje, mbali na watoto, mpaka lipoe kabisa.

Chenga za chini ya gunia nazo ni mali. Zichekeche, changanya vikombe vinne vya chenga na kikombe kimoja cha udongo laini, tia maji kidogo mpaka zishikane. Finyanga vitufe vya ukubwa wa limau, vianike juani siku kadhaa hadi vikauke kabisa. Havitoi moto mkali wa kukaangia, lakini hudumu kwa chakula cha kutokota. Vijana wa mtaa wakivitengeneza vingi, huweza kuviuza.

Hata Bwana Yesu, baada ya kuwalisha watu elfu tano, aliagiza mabaki yakusanywe, wala hakuona kwamba kufanya hivyo kunapunguza ukarimu.

Neno la tahadhari

Wakati wa baridi wengine huingiza jiko chumbani na kufunga madirisha. Tafadhali, akina mama, tusifanye hivyo. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na waliolala huenda wasiamke. Hata mkaa usiotoa moshi hutoa hewa hiyo. Jiko likae nje au penye hewa ipitayo. Kujikinga baridi, ongezeni blanketi.

Kwa wenye gesi na umeme

Serikali ya Tanzania mwaka 2024 ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, ukilenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati hiyo ifikapo 2034. Nyumba nyingi tayari zina mtungi mdogo, lakini mama huuogopa kwa sababu huisha ghafla. Kikapu kinafaa vilevile hapa: chemsha maharage nusu saa kwa gesi, yaliyobaki kikapu kimalize. Na mwenye umeme wa uhakika, akichangiwa na wenzake katika mchezo, aweza kufikiria jiko la umeme la presha. Sufuria ya maharage humaliza chini ya yuniti moja ya umeme.

Tuanze na nani?

Mambo haya hushindwa mama akiyatangaza kama amri. Binti wa kazi aelezwe sababu, aonyeshwe, na akiokoa apongezwe. Mama mkwe aombwe ushauri, kwa kuwa huenda alikuwa akilaza makaa kwenye majivu tangu hatujazaliwa, na atafurahi kuulizwa. Baba aonyeshwe daftari. Wanaume wengi hucheka kikapu siku ya kwanza, ila hawaicheki hesabu. Mkaze shauri pamoja: fedha itakayookolewa iende wapi? Iwekwe kwenye kopo lake na ipewe jina, kama vile viatu vya Januari, maana akiba isiyo na jina hurudi kuwa matumizi.

Usianze yote kwa siku moja. Juma la kwanza andika. Juma la pili loweka na funika. Juma la tatu shona mito. Juma la nne pika wali kikapuni siku ambayo hamna wageni. Mwezi ukiisha linganisha hesabu mbili, kisha mfundishe jirani mmoja.

Haba na haba hujaza kibaba. Tunawatakia upishi mwema. Mwezi ujao tutazungumza juu ya bustani ya gunia: namna ya kupata mchicha na matembele nyuma ya nyumba, kwa maji yaliyosuuzia mboga.