TUCHANGE KABLA YA BILI, SI BAADA YA BILI



Kila kikundi cha WhatsApp cha kanisa kinajua picha hii: mpendwa wetu amelala kitandani hospitalini, chini yake kuna nambari ya kutuma pesa na jina la mweka hazina. Tunatuma mia mbili, wengine elfu moja, tunaandika "Mungu akuponye." Wiki haijaisha, picha nyingine inaingia.

Kuchangiana ni jambo la kiungu, na sitawahi kulipinga. Lakini leo naomba tuambiane ukweli. Mchango wa bili ndio umekuwa bima yetu kanisani, na ni bima inayopendelea watu. Kiongozi wa sifa akilazwa, pesa zinapatikana kwa siku mbili. Mjane anayekaa kiti cha nyuma, ambaye hana simu ya maana wala hayuko kwenye kikundi, yeye anapata maombi. Soma Yakobo sura ya 2 uone jinsi mtume alivyolikemea kanisa linalomheshimu mwenye pete ya dhahabu na kumketisha maskini chini. Tunafanya hivyo hivyo kwa M-Pesa.

Sasa tuje kwa SHA, kwa sababu najua wengi mmechoka hata kulisikia jina hilo.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024, SHA imechukua nafasi ya NHIF, iliyokuwa nasi tangu 1966. Iko na mifuko mitatu. Wa kwanza unagharamiwa na serikali, na ni wa matibabu ya kawaida kwenye zahanati na vituo vya afya vya karibu, yaani ngazi ya 2 na ya 3. Wa pili ndio ule tunaochangia sisi, unaolipia hospitali kubwa na kulazwa. Wa tatu ni wa dharura na magonjwa sugu. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake, apende asipende. Mwenye kibanda, boda boda, fundi wa jua kali, anapimwa uwezo wa nyumba yake kisha anaambiwa alipe, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi.

Shida iko hapo. Wakenya wengi wanaofanya kazi wako jua kali. Wamejisajili kwa mamilioni, lakini wanaolipa ni wachache. Mfuko wa bima hauna muujiza wa mikate mitano. Ukilipa tu siku ile umeugua, na mimi nikafanya hivyo, na jirani pia, mfuko utakauka, na mzigo wote utabaki kwa mwalimu na askari wanaokatwa kwenye mshahara.

Kuna wapendwa wanaoniambia, "Mchungaji, kulipa bima ni kukiri ugonjwa. Mimi nimeponywa kwa mapigo yake." Amina, hata mimi naamini uponyaji, na nitaendelea kuwawekea wagonjwa mikono. Lakini Yusufu alipoweka akiba ya tano ya mavuno kwa miaka saba ya shibe, je, alikuwa anakiri njaa? Alikuwa ameisikia sauti ya Mungu, akajenga ghala. Na ghala lile lilimwokoa Mmisri, likawaokoa na ndugu zake waliomuuza. Kulipa ukiwa mzima ni kumjengea ghala mtu usiyemjua ambaye ataugua kabla yako. Huo ni upendo wa jirani.

Lakini nisiwalaumu kondoo peke yao. Wanaotutawala nao wana lao la kusikia.

Mama mboga anapata pesa kwa siku. Ukimwambia alete 3,600 za mwaka mzima kwa mpigo, umemfungia mlango. Ndiyo maana ukaletwa mpango wa Lipa SHA Pole Pole, na ni vizuri, lakini bado wengi hawaujui au hawaelewi unavyofanya kazi. Tena kipimo cha uwezo kinachouliza kuhusu ukuta na choo kinaweza kumkosea mjane aliyeachiwa nyumba nzuri na marehemu lakini hana kipato. Apewe njia rahisi ya kusikizwa.

Na hospitali zilipwe kwa wakati. Februari 2025 hospitali nyingi za kibinafsi zilisitisha huduma za SHA zikilalamikia madeni. Mtu amelipa kwa uaminifu, amefika mapokezi, anaambiwa atoe pesa taslimu. Mtu huyo hatalipa tena mwaka ujao, na huwezi kumlaumu. Kifungu cha 43 cha Katiba kinatupa haki ya afya, na kinakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Haki hiyo haitakiwi kungoja uchaguzi.

Nawe uliyeokoka na unafanya kazi hospitalini: ukiandika mgonjwa ambaye hakulazwa, au upasuaji ambao haukufanyika, umeiba ghala la Yusufu. Umemnyang'anya mtoto mwenye saratani siku zake za matibabu. Zaburi na fungu la kumi havitaifunika dhambi hiyo.

Basi tufanye nini? Nina pendekezo kwa kila kanisa. Chukueni daftari la washirika, mwandike wajane, wazee na familia ambazo kweli hazina. Wakiwa nyumba 20 za kiwango cha chini, ni shilingi 72,000 kwa mwaka mzima. Mgonjwa mmoja chumba cha mahututi anaweza kuzimaliza hizo kwa siku chache. Pesa ile ile tunayokimbizana nayo usiku, tuitoe mapema, kimya kimya, bila picha ya mtu kitandani. Vijana wenye simu wasaidie wazee kujisajili kwa *147# baada ya ibada. Vyama vya akina mama vitenge shilingi kumi kwa siku. Kwa mwezi ni mia tatu.

Yule mwanamke wa Marko sura ya 5 aliteseka miaka kumi na miwili, akamaliza mali yake yote kwa waganga kabla ya kumgusa Yesu. Yesu alimponya, lakini mali yake ilikuwa imeshakwisha. Katika kanisa lako kuna anayeuza shamba sasa hivi ili alipe bili. Mjue kwa jina kabla picha yake haijafika kwenye simu yako.

Baba, tupe hekima ya kuweka ghala wakati wa shibe, na uwape viongozi wetu mikono safi ya kulilinda. Katika jina la Yesu. Amina.

Mtumie mweka hazina wa kanisa lako ujumbe huu.