Konrodi za Motokaa ya Zamani

Motokaa ya Ford iitwayo Model A ilitengenezwa huko Marekani kuanzia mwaka wa 1927 hata mwaka wa 1931, na zilizotoka kiwandani zilipita milioni nne. Mpaka leo wako watu wanaozifufua, na wengi wao hutiwa hasara na konrodi, yaani vile vyuma vinne viungavyo pistoni na krankshafti.

Konrodi za asili hazina beringi ya kubadilishwa. Tundu lao la chini lilimiminiwa madini meupe, mchanganyiko wa bati, antimoni na shaba, kisha likachongwa. Madini hayo ni laini, na mafuta yakikosekana huyeyuka upesi. Hapo injini huanza kugonga, hasa dereva anapoachilia aksileta. Asiyejali sauti hiyo huweza kuona konrodi imekatika na kutoboa ubavu wa injini, na injini iliyotoboka si rahisi kuipatia mwenzake.

Fundi mwenye haraka hununua konrodi moja mpya, akaifunga, akafurahi. Baada ya safari chache mlio hurudi. Mara nyingi kosa li katika shingo ya krankshafti, ambayo imelika ikawa na umbo la yai. Kwa hiyo yafaa shingo ipimwe kwanza kwa maikromita, pande zote. Ikiwa mpya, upana wake ni karibu inchi moja na nusu. Ikiwa imelika, isagwe, ndipo konrodi zinunuliwe kwa kipimo kipya. Nafasi ya kupita mafuta ni kama sehemu moja ya elfu ya inchi. Unywele wa mtu ni mnene zaidi.

Siku hizi ziko konrodi zenye beringi za maganda, nazo ni afadhali kwa mtu wa safari ndefu. Lakini hata hizo hupimwa kwa mizani, ili zote nne ziwe na uzito mmoja, ama injini itatetemeka. Kifuniko cha konrodi moja hakifungwi katika nyingine, maana vilichongwa pamoja. Kile kijiko cha chini kichotacho mafuta kielekee upande wa kamshafti. Kikigeuzwa hakichoti kitu. Nati zizuiwe kwa kotapini mpya, wala si zile kuukuu zilizonyoshwa kwa nyundo. Kila konrodi ikiisha kufungwa, krankshafti izungushwe kwa mkono. Ikikataa, iliyofungwa mwisho ndiyo ya kufunguliwa.