Mlango Unalindwa, Kitabu Kinauzwa

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii huwafaa sana walimu wa insha katika shule zetu, na kwa kawaida humwonya mfanyabiashara asiyeweka hesabu. Katika makala hii ninaiazima ili kuzungumzia mali ambayo yenyewe ni daftari: miswada ya kale ya Kiswahili iliyoandikwa kwa mkono kwa hati ya Kiarabu, na biashara inayoihusu. Nia yangu si kuomboleza. Maombolezo tumeyasikia ya kutosha katika makongamano yetu, ambako hakukosekani msemaji wa kulaani kwamba miswada yetu iliibwa ikapelekwa London na Hamburg. Ninadai kwamba sehemu isiyo ndogo ya miswada hiyo haikuibwa. Iliandikwa kwa maagizo, au iliuzwa, au ilitolewa kwa hiari. Hadi tutakapoukubali ukweli huo, hatutajua la kuifanyia ile iliyobaki.

Tumtazame Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyezaliwa yapata mwaka 1855 na kufariki mwaka 1945. Kijuma alikuwa mshairi, mwanamuziki, mnakili mwenye mwandiko wa kupendeza na, jambo ambalo nitalirejelea, mchonga mbao. Wataalamu wa Kizungu waliokuwa na kiu ya tendi walimwendea yeye: Alice Werner, kisha William Hichens, kisha Ernst Dammann aliyefika Lamu katika miaka ya 1930. Wao waliagiza, naye akanakili. Utendi wa Fumo Liyongo alioundika mwaka 1913, ambao hakuna mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili asiyeujua, umefungamana na mahusiano ya namna hiyo. Leo kazi za mkono wake zimo katika maktaba ya SOAS mjini London na katika makusanyo ya Ujerumani. Mohamed Ibrahim Abou Egl aliandika tasnifu ya uzamifu kumhusu huko London mwaka 1983, na mwaka 2010 Gudrun Miehe na Clarissa Vierke wakachapisha kitabu kizima cha matini zake. Je, huyu aliibiwa? Sidhani. Huyu alikuwa fundi aliyeijua thamani ya kalamu yake, na kumwita mhanga ni kumvunjia heshima. Ninathubutu kuongeza kwamba baadhi ya matini tunazozihakiki madarasani tusingekuwa nazo lau si maagizo hayo.

Hata hivyo, kukubali kwamba kulikuwa na muuzaji si kusema kwamba mizani ilikuwa sawa. Huenda msomaji akauliza mtu wa Mbita ana nini na makabati ya Lamu na Siyu. Kwetu ziwani hakuna miswada ya hati ya Kiarabu. Kuna samaki. Mbuta hupimwa ufukweni na wakala wa kiwanda, bei huitaja yeye, minofu ikasafirishwa hadi Ulaya, na kinachorudi katika masoko yetu ni mgongo wazi, yaani mifupa na kichwa vilivyobaki baada ya nyama kukatwa. Mvuvi hakuibiwa, maana alipokea pesa mkononi mwake. Lakini yeye ndiye mtu wa mwisho kujua samaki wake aliuzwa kwa kiasi gani. Nilipoanza kusoma historia ya miswada yetu niliitambua biashara hiyo mara moja.

Dunia ina mfano mkubwa zaidi. Mwaka 1907 Aurel Stein alifika katika mapango ya Dunhuang, magharibi mwa Uchina, akamkuta mtawa aitwaye Wang Yuanlu akilinda chumba kilichojaa maelfu ya hati za kale. Stein alimpa fedha, naye Wang alikuwa na haja nazo kwa ajili ya kuyakarabati mapango yale yale. Miongoni mwa vilivyoondoka ni Sutra ya Almasi, kitabu kilichochapishwa kwa vibao vya mbao mwaka 868, ambacho sasa kimo katika Maktaba ya Uingereza. Mwaka uliofuata alikuja Paul Pelliot, Mfaransa, akachagua vyake. Wachina hawajamaliza kubishana kuhusu mtawa huyo, kama alikuwa msaliti au mlinzi aliyeachwa peke yake bila msaada wa serikali yake. Mimi huegemea upande wa pili, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemwambia Wang, kwa sheria wala kwa fedha, kwamba kile chumba kilikuwa na thamani.

Na sisi je, tumemwambia nini mwenye kabati la Siyu? Hapa ndipo penye kiini cha makala hii. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 nchini Kenya ilifafanua kitu cha kale kuwa ni kitu chochote kinachohamishika, kisichokuwa kitabu wala hati, kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895. Soma tena, ndugu msomaji: kisichokuwa kitabu wala hati. Sheria hiyo hiyo ilitaja waziwazi, miongoni mwa vitu vinavyolindwa, mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka 1946. Mlango wa namna hiyo hautolewi nchini bila kibali.

Turudi basi kwa Kijuma, mchonga mbao na mnakili. Mlango uliotoka katika patasi yake unalindwa na ufafanuzi huo. Utendi ulioandikwa na mkono ule ule, nyuma ya mlango ule ule, haumo. Hata tukiyafuta maneno yanayovitenga vitabu, mpaka wa mwaka 1895 ungeziacha nje kazi zake nyingi, kwa kuwa aliendelea kuandika hadi uzeeni. Sijui mtungaji wa sheria aliwaza nini. Labda aliona mlango ni kitu ambacho mtalii hukipiga picha, na kitabu ni kitu ambacho mtalii hakisomi.

Nitajibiwa kwamba hati zina sheria yake, Sura ya 19, inayosimamia Hifadhi ya Nyaraka za Taifa. Naam, lakini sheria hiyo ilikusudiwa hasa nyaraka za umma: majalada ya wizara, mashauri ya mahakama, barua za wakuu wa wilaya. Msahafu ulionakiliwa na kupambwa Siyu katika karne ya 18 au ya 19, uliorithiwa kutoka kwa babu hadi kwa mjukuu, si waraka wa wizara yoyote. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 1970 unaohusu biashara haramu ya mali ya kitamaduni ulizihesabu hati adimu na vitabu vya kale bila kigugumizi. Na hatari si ya kuuzwa nje tu. Wachuuzi wa vitu vya kale hupata faida kubwa zaidi wakikichana kitabu na kuuza kurasa zilizopambwa, moja moja, ziwekwe katika fremu ukutani. Ukurasa wa mwisho, wenye jina la mnakili na tarehe, ukishatengwa na mwili wake, kitabu kimekufa kwa mtafiti.

Zipo hoja dhidi yangu, na moja ni nzito. Inasemekana kwamba picha za kidijitali zimelimaliza tatizo, kwa kuwa mwanafunzi wa Nairobi au Dodoma anaweza kuitazama miswada ya SOAS akiwa chumbani kwake. Ninaishukuru kazi hiyo, na nimeitumia. Lakini picha haisemi karatasi ilitoka kiwanda gani, wala haionyeshi jinsi jalada lilivyoshonwa. Isitoshe, picha hupigwa baada ya kitabu kupata kwao. Kitabu ambacho hakijulikani kilipo hakipigwi picha.

Hoja nyingine ni kwamba sheria kali humfanya mwenye kitabu akifiche, au akiuze usiku. Hili ninalikubali kabisa. Ndiyo maana sidai marufuku tupu. Marekebisho ya sheria yaondoe yale maneno manne yanayovitenga vitabu na hati, na yausogeze mpaka wa mwaka hadi 1946, kama ilivyo kwa milango. Lakini yaandamane na fungu la fedha ambalo Makumbusho ya Taifa yataweza kulitumia kununua kwa bei ya haki, au kumlipa mwenye mali ili kitabu kinakiliwe na kibaki kwake. Tanzania inatupa funzo hapa. J. W. T. Allen alikusanya miswada na kanda za sauti za pwani, na orodha yake ilipochapishwa mwaka 1970 makusanyo yenyewe yalikuwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, si ng'ambo.

(Lugha yetu ina kejeli yake: mswada wa utendi hautaokolewa ila kwa mswada wa Bunge.)

Kwamba karatasi inaweza kurejesha kitu, sisi wa Mbita tuna ushahidi wetu. Mwaka 1948 Mary Leakey aligundua kisiwani Rusinga, ng'ambo kidogo tu ya mji wetu, fuvu la Proconsul, kiumbe wa mamilioni ya miaka iliyopita. Fuvu lilipelekwa Uingereza kuchunguzwa, likakaa huko kwa zaidi ya miaka 30. Lilirudi Kenya mwaka 1982, baada ya mawasiliano ya zamani kuonyesha kwamba lilikuwa limetolewa kwa mkopo wala si kwa zawadi. Ninapendekeza chama chetu kianze na jambo lililo ndani ya uwezo wake: kumwandikia Mwanasheria Mkuu na kamati husika ya Bunge kuhusu ufafanuzi huo wa mwaka 2006, na kuweka, kwa ridhaa ya wenye mali na bila kutangaza majina yao, daftari la miswada iliyomo majumbani.

Daftari hilo litahitaji watu wa kuliandika. Hapa sina budi kujishtaki. Nimehitimu shahada ya kwanza nikiwa nimechambua tendi kwa herufi za Kirumi pekee, na lau mzee wa Siyu angenifungulia kabati lake siku ya mahafali, ningeishia kusifu rangi za wino. Nilianza kujifunza hati hiyo mwaka jana, Jumamosi asubuhi, pamoja na wenzangu wawili. Ubeti mmoja bado hunichukua takribani robo saa.